Wageni wangu na teksi za JKIA: naomba ushauri

Hamjambo wadau. Shemeji zangu kutoka Mwanza wanatua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, Ijumaa usiku, wanakwenda Westlands, nami nitakuwa kazini Nakuru. Hawana laini ya Kenya wala M-Pesa. Nilifikiria kuwaitia gari kwa programu ya simu, ila madereva wengine wakishafika husema, "Ghairi safari, tuelewane," kisha bei inapanda. Mgeni mwenye mabegi mkononi atabishana vipi saa hizo? Wenye teksi za mstari wa manjano niliowapigia, kila mtu na bei yake.

Naomba kujua: nauli ya haki usiku ni kama ngapi? Na ada ya Expressway, ile barabara ya kulipia, mkielewana na dereva, huwa ndani ya nauli au abiria anaongeza?