Naomba ushauri: Kupima kuridhika kwa washiriki wa michezo ya mtaani
Ndugu wanachama, ninaratibu ligi ya kandanda na netiboli mtaani kwetu Eastlands, Nairobi, na ningependa kujua kwa dhati iwapo washiriki wanaridhika. Nimeandaa hojaji yenye kipimo cha ngazi tano, kuanzia kutoridhika kabisa hadi kuridhika kabisa, kile alichokieleza mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932, lakini karibu kila mchezaji huchagua ngazi ya juu kabisa, nadhani kwa sababu mimi ninayewakabidhi karatasi ndiye pia ninayepanga timu. Kinachoniumiza zaidi ni wasichana walioacha kuja, ambao hojaji haiwafikii ilhali wao ndio wenye majibu ninayoyahitaji. Je, niwatafute nyumbani mwenyewe, au nimwombe mtu asiyehusika na ligi awahoji? Na masuala ya uwanja, makocha na usalama wa njiani, niyaulize kila moja peke yake?