Nimebadilisha hashi za paswedi, faili bado lile lile

mtoto_wa_Mkunazini: Assalamu alaykum. Seva ya ofisini ni Debian 11 (Linux). Nimefungua /etc/pam.d/common-password (faili la kanuni za paswedi), nikaweka yescrypt, njia mpya ya kugeuza paswedi kuwa hashi (alama zisizorudishika kuwa paswedi), nikazima na kuwasha mashine. Nikitazama /etc/shadow, faili linaloweka hashi, watu sita hashi zao bado zinaanza na $1$. Nifanyeje? Nina haraka kidogo.

FundiWete: Waalaykum salaam. $1$ ni MD5, njia ya kale hiyo. Mashine haizijui paswedi zenyewe, ina hashi tu, sasa itazigeuza vipi? Mpaka kila mtu abadilishe yake. Piga `chage -d 0` na jina la mtu, akiingia tu anadaiwa mpya. Kuzima na kuwasha umejichosha bure.

BiKidude_wa_IT: Kwetu paswedi imebandikwa mlangoni mwa friji, karibu na bei ya maji. Hatujaibiwa ila maji.

FundiWete: Haraka ya nini lakini?

mtoto_wa_Mkunazini: Nilinakili shadow kwenye flashi nikajifunzie nyumbani. Imeniponyoka botini, nakwenda Mkoani. Lakini nani mule ajue hashi? Watu wanatapika tu. Bosi simwambii. Nshaamua, naongeza raundi (mara za kukokotoa hashi) kimya kimya.

Ami_Saidi: Amana hiyo, mwanangu. Kamwambie.

FundiWete: Raundi ni za hashi mpya. Aliyeokota flashi anazo za zamani, na kwa MD5 kadi moja ya picha, ya kompyuta ya michezo, inajaribu paswedi mamilioni kwa sekunde.

PwejeMkavu: Ngojeni. $1$ hizo za lini?

mtoto_wa_Mkunazini: 2009. Mashine imepandishwa toleo hadi toleo.

PwejeMkavu: Uongo mtupu! Disemba 2009 Unguja nzima ilikaa kiza miezi mitatu, tukichota maji kwa ndoo. Seva ikila nini? Hii kazi ya chuo, anataka tumfanyie.

BiKidude_wa_IT: Kiza kile! Mie ndo nlipoolewa, harusi ya karabai.

mtoto_wa_Mkunazini: Wallahi si chuo. Lilikuwepo jenereta chini ya ngazi, doa la mafuta lipo mpaka leo. Mhasibu hajabadilisha paswedi toka hapo, jina la paka wake…

FundiWete: Usiliandike hapa!

PwejeMkavu: Haya, la paka nimeamini.

FundiWete: Umeshapiga chage?

mtoto_wa_Mkunazini: Kwa watano.

FundiWete: Na wa sita?

mtoto_wa_Mkunazini: Ndo bosi.