Mwatiko wangu wanajikuna, wana vidudu mgongoni

Mfugaji Micheweni
Asalamu alaykum wenzangu. Nina bwawa la mwatiko nyuma ya mikoko, huku Micheweni, linaingia maji kila bamvua, bahari ikijaa sana. Wiki ya pili hii samaki wanajikuna kwenye kingo, alfajiri wanaruka hovyo. Jana nikamtoa mmoja. Nyuma ya pezi la kifuani amejaa vidudu bapa, rangi ya chai ya maziwa, kama mbegu za ufuta, ukivigusa vinateleza kwenda pengine. Vingine vina nyuzi mbili nyuma. Ngozi chini yake nyekundu. Jirani ananambia nimwage dawa ya kupe wa ng'ombe. Nusra nimwage.

Bibi wa Bweleo
Usithubutu mwanangu! Dawa ile itakuulia kaa na uduvi hadi mkondoni, kisha samaki hao uje utulishe sie. Hao ni chawa wa samaki, na nyuzi mbili ni mayai ya jike. Mwatiko anastahamili maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chawa hayamfai. Jaza pipa maji ya kisima (yaonje kwanza, visima vya huko vingine ni bahari tupu), tia pampu ya hewa, watie samaki kumi kumi kwa dakika 10. Usiondoke hapo, akilala ubavu mtoe. Maji yale mwaga kondeni, si bwawani, maana chawa wengi hawafi, huachia tu.

Kijana wa Wete
Kaka, mlango wako wa maji una wavu? Mie niliogesha, baada ya wiki mbili wamerudi vilevile. Kumbe bwawani mna mikizi walioingia na bamvua, wamebeba chawa wao. Wavu hauzuii vitoto vya chawa, vile vinaogelea vyenyewe, lakini mkizi unamzuia. Nikawavua wote, tukawala.

Mfugaji Micheweni
Nimeogesha 60 tangu asubuhi, mgongo hauninyooki. Chini ndani ya pipa chawa wamejaa kama pumba. Mikizi ninao, tena wakubwa! Sasa hawa mwatiko wenye alama nyekundu, naweza kuwauza?

Bibi wa Bweleo
Chawa huyo hamdhuru mtu, samaki mpae umkaange. Ila mteja akiona doa atakukata bei nusu. Hao wapeleke jikoni kwako, wazima ndio wa kuuza.