Naomba ushauri: kuloweka mabua kwenye chokaa kabla ya kuyatia kwenye mtambo wa biogesi

Wakuu habari za saizi, niko Mbozi huku, nina mtambo wa biogesi ule wa kuba wa kujengea chini, ng'ombe wamepungua so samadi haitoshi na gesi inakata hata maharage hayajaiva. Mabua ya mahindi yapo kibao shambani ila ukiyatia hivi hivi yanaelea juu yanajishika kama mkeka, bakteria hawayawezi maana ile lignini (kitu kigumu kinachokaza bua) imeikinga selulosi yote (nyuzi za bua ambazo bakteria wanazila).

Nasikia ukiyakatakata ukayaloweka kwenye chokaa au kostiki soda (ile ya kutengenezea sabuni) yanalainika na gesi inaongezeka. Kostiki naiogopa, inaunguza mikono na sodiamu ikizidi inadhoofisha bakteria, tena tope linalotoka mtamboni namwagia migomba. Chokaa ndo bei poa.

Sasa kwa aliyefanya kweli, sio wa kugugo: kilo 10 za mabua makavu unaweka chokaa kiasi gani, unaloweka siku ngapi, na pH (kipimo cha ukali wa asidi au alkali, 7 ni katikati) unaishusha vipi irudi karibu na 7 kabla ya kumwaga mtamboni? Majivu ya jikoni je? Na mkojo wa ng'ombe kuongeza nitrojeni? Fundi anasema nitaharibu plasta ya ndani ya mtambo, mi naona ananitisha tu.