Maji kwa mtindo wa LUKU: mnaunga mkono au mnapinga?

Mtaa wa Saba (mwanzisha mada)
Wadau, salaam. Serikali inazisukuma mamlaka za maji zifunge mita za malipo ya kabla, na kuna miji imeshaanza. Yaani maji yawe kama LUKU ya umeme: unanunua uniti kwa simu, zikiisha koki inakauka mpaka ununue tena. Wanaozitaka wanasema zitamaliza bili za kubambikiwa na madeni sugu. Mimi sizitaki, na sababu yangu ni moja tu. Umeme ukiisha nalala giza, kesho natafuta hela. Maji yakiisha usiku na mtoto anaharisha, nafanyaje? Leteni hoja, matusi acheni nyumbani.

Fundi Koki
Hoja hii hapa. Mji ninaokaa, na siutaji, niliwahi kuletewa bili ya uniti 43 mwezi ambao nyumba nzima tulikuwa msibani kijijini na koki kubwa nimeifunga kwa mkono wangu. Nafika dirishani naambiwa "lipa kwanza, malalamiko andika barua". Msoma mita hata getini hakuingia, alikadiria akiwa juu ya pikipiki. Uniti moja ni lita elfu moja, mkuu. Lita 43,000 kanywa nani, panya? Wazilete hizo mita hata kesho.

Mama Chapati
Fundi mwenzetu una geti. Sisi tuko wapangaji saba kwenye mita moja. LUKU peke yake imeshatugombanisha, mwenye friji hataki kulipa zaidi ya mwenye balbu. Uniti zikiisha kila mtu anajifanya amelala, anasubiri mwenzake achoke giza. Sasa leteni na maji. Yule wa chumba cha mbele anayefua mashuka ya gesti, uniti zake atanunua nani? Atakayeshindwa kuvumilia choo kichafu, yaani mimi.

Kalamu Nyekundu
Afrika Kusini walishapita huko. Soweto, mtaa wa Phiri, wananchi walikwenda mahakamani na mahakama ikazipiga marufuku hizo mita. Sisi tunaokota walichotupa wenzetu.

Wakili wa Mezani
Hiyo ni nusu ya hadithi. Mahakama Kuu ya kule ndiyo iliyosema ni kinyume cha sheria, mwaka 2008. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Katiba, na Oktoba 2009 wakazi wa Phiri wakashindwa. Jiji la Johannesburg lilikuwa likitoa lita 6,000 za bure kwa mwezi kwa kila nyumba, na majaji wakaona sera hiyo haivunji katiba. Ungetaja KwaZulu-Natal mwaka 2000 ningekuelewa. Kule walifunga bomba za malipo ya kabla, wasio na hela wakarudi mtoni, kipindupindu kikalipuka. Na angalia, hata walioshindwa kesi walikuwa na lita za bure. Huku kwetu nani kazitaja?

Kalamu Nyekundu
Ahsante kwa darasa, wakili usiye na ofisi.

Wakili wa Mezani
Ofisi ninayo. Wewe leta mwaka sahihi.

Mjuba wa Bunju
Tuache unafiki. Mamlaka isiyo na hela haijengi kitu. Na wanaolia sana ni hawa wa uswahilini ambao mvua ikinyesha wanatapisha vyoo mtaroni. Mtu anayemmwagia jirani kinyesi mlangoni anadai haki ya maji safi? Aanze na choo chake kwanza.

Bwana Historia
Hizo hoja za "mamlaka haina hela" tulizisikia wakati wa City Water, kampuni iliyokabidhiwa maji ya Dar. Wakaletwa Waingereza na Wajerumani, mkataba wa miaka kumi, Benki ya Dunia nyuma yao. Ulivunjika 2004 kama sikosei, Lowassa akiwa Waziri wa Maji.

Wakili wa Mezani
Mei 2005. Walianza Agosti 2003, hawakumaliza hata miaka miwili.

Mwana wa Tandale
Nyie endeleeni na tarehe zenu, mimi nina mtu wangu hapa.

Mjuba, nakujibu taratibu kwa sababu nimekasirika. Kutapisha nakujua, nimezaliwa nako. Mvua ikianza kupiga bati usiku unasikia nondo inagonga tofali huko uani. Kuna tundu liliachwa tangu choo kinajengwa, limezibwa kwa matambara na udongo. Linazibuliwa, mzigo unaondoka na maji ya mvua, asubuhi mtaa mzima tunatembea juu ya matofali na kila mtu anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Hakuna anayejivunia hilo.

Sasa wewe nieleze gari la kunyonya litapita wapi. Kwetu jeneza linatolewa kwa kuinamishwa upande. Mpira wa gari haufiki, na ukifika unakuta mashapo yameshashikana, mchanga, chupa na nguo humo ndani, gari linanyonya maji ya juu tu na kuondoka. Na tripu ni tripu, unailipa kamili. Vijana wenye pampu ya mkono na guta la matairi matatu ndio wanaotuokoa, nao ni wachache. Kipindupindu cha 2015 kilituzika sisi, siyo nyie. Halafu eti nianze na choo changu.

Na swali dogo: wewe huko Bunju umeunganishwa na bomba la majitaka lini?

Mjuba wa Bunju
Sijaunganishwa. Nina karo la kisasa na shimo la kunywea maji ya choo ardhini, siyo pipa lililofunikwa mbao. Tusifananishane.

Baharia Mstaafu
Mnatukanana bure. Majitaka ya Posta na Kariakoo, sehemu ya jiji inayojiona imestaarabika, kwa miongo yameingia baharini mabichi kwa bomba. Nimevua samaki upande ule, najua ninachosema. Kwa hiyo katika jiji hili kila mtu anatapisha, wengine wana bomba refu.

Mkaazi wa Upanga
Kijana, sisi hatukulijenga hilo bomba, tumelikuta. Na kwenye bili yangu ya maji kuna mstari wa majitaka, naulipa kila mwezi miaka yote hii. Wewe baharini ulikuwa unalipa nini?

Baharia Mstaafu
Kijana ni mimi mwenye wajukuu? Nashukuru mzee. Baharini tulikuwa tunalipa kwa kula hao samaki wenu.

Mtaa wa Saba
Jamani, mada ni mita.

Mwana wa Tandale
Mzee wa Upanga shikamoo, umenisaidia. Wewe unalipa kidogo kidogo ndani ya bili na uchafu wako unaondoka usiku na mchana bila kuuona. Mimi silipi huo mstari kwa sababu bomba halijafika, lakini siku choo kikijaa nalipa fungu zima kwa mkupuo, gari liende kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Basi kama wanataka hizo mita, sawa, wafunge. Ila kila uniti inayonunuliwa jijini, kuanzia Masaki, ikatwe senti ya kunyonya vyoo vya wasio na bomba. Hapo nitaunga mkono asubuhi na mapema.

Mama Chapati
Nilijua tu tutaishia kukatwa. Mdogo wangu, kodi ya jengo waliipachika kwenye LUKU tangu 2021. Jengo la mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme. Eti tukadai turudishiwe na baba mwenye nyumba! Nani kamdai akabaki na chumba? Ukishawafungulia mlango kwenye mita ya maji, leo senti ya choo, mwakani senti ya taka, mwaka wa tatu senti ya uwanja wa mpira.

Mwana wa Tandale
Dada yangu, dumu unanunua bei gani?

Mama Chapati
Bomba letu likikauka, mia.

Mwana wa Tandale
Dumu la lita 20. Uniti moja ni madumu hamsini, kwa hiyo unanunua maji shilingi 5,000 kwa uniti, na bei ya mamlaka haifiki nusu ya hapo. Umeshakatwa siku nyingi, ila anayekukata ana mkokoteni badala ya ofisi.

Mama Chapati
Huyo wa mkokoteni akiniona sina ananiandika kwenye daftari, namlipa Jumamosi. Hiyo mita yenu itakuwa na daftari?

Kalamu Nyekundu
Mama kamaliza. Fungeni uzi.

Fundi Koki
Msifunge, mmenitelekeza kwenye vyoo. Niliyeunga mkono mwanzo ni mimi, basi sikilizeni na la fundi. Ndani ya hizo mita kuna valvu inayofungwa na kufunguliwa kwa betri. Mnakumbuka 2022, Oktoba na Novemba, mto Ruvu umeshuka, Dar nzima mgao? Maji yakirudi baada ya siku kadhaa, hewa inatangulia bombani, nyuma yake tope. Hewa inazungusha mita kama kawaida. Kwa bili ya mwisho wa mwezi unabishana kabla hujatoa hela. Kwa malipo ya kabla upepo unakuwa umeshakula uniti zako, na ofisini utaambiwa mashine haidanganyi. Tope likikwama kwenye valvu, una uniti na maji huna. Bado nazitaka, ila ziende kwanza kwenye mitaa inayopata maji saa 24, na kwenye ofisi za umma zenye madeni. Ajabu ni kwamba huko kwenye madeni makubwa ndiko wanakokwenda kwa kunyata.

Mjuba wa Bunju
Wote mnaongea kama hakuna njia nyingine. Mimi mgao wa 2022 niliusikia redioni. Nina kisima, nina pampu, nina simtanki mbili. Mtu ajitegemee.

Fundi Koki
Kisima kirefu au cha kuchimba kwa mkono?

Mjuba wa Bunju
Cha kawaida. Maji meupe, hayana chumvi hata kidogo.

Fundi Koki
Na lile shimo lako la kunywea maji ya choo, liko upande gani wa kisima? Na la jirani? Maana Bunju yote mnachimba kisima mbele na shimo nyuma, na nyuma ya kwako ndiyo mbele ya mwenzako. Weupe wa maji siyo kipimo. Peleka chupa maabara.

Mjuba wa Bunju
Hayo ni yangu na jirani yangu.

Mwana wa Tandale
Jirani mwenyewe anajua?