Naombeni ushauri: namba tasa imeniweka pabaya (niko Moshi)

Mtoto wa Rau: Wakuu habari za jioni. Kuna mzee hapa kijiweni karibu na stendi, mwalimu mstaafu, tumebishana juu ya 4,294,967,297, mimi nasema ni tasa haigawanyiki kwa kitu zaidi ya 1 na yenyewe, yeye anacheka tu eti inagawanyika ila hasemi kwa ngapi. Siku mbili niko na kikokotoo, 3, 7, 11, 13 hivyo hivyo mpaka 619 macho yakagoma, zote zinaacha mkia wa desimali. Nikaze au yaishe?

Mama Neema: Pole kaka. Mpeleke wifi KCMC na wewe upimwe, wanaume huwa mnajificha.

Mtoto wa Rau: Namba ndo tasa mama, sio wifi 😭

Baba Mangi: Mimi darasa la sita nilichapwa kwa ajili ya 91, nikasema tasa kumbe 7 mara 13, mpaka leo hiace yenye 91 sipandi.

Fundi wa Himo: Mmewekeana nini?

Mtoto wa Rau: Soda tu.

Fundi wa Himo: Soda haikeshi na kikokotoo.

Mtoto wa Rau: Haya, mbuzi. Beberu wa shemeji, yuko Dar, mimi namlea tu mpaka Desemba watu wakija kuhesabiwa. Ila sikubahatisha jamani! Chukua 2, zidisha kwa yenyewe, jibu nalo zidisha kwa lenyewe, kila hatua ongeza 1: 3, 5, 17, 257, 65537. Zote tasa. Inayofuata ndo hiyo yangu.

Chaki Nyeupe: Dogo, Fermat mwenyewe, yule mwanahisabati mkubwa wa zamani, aliingia mtego huo huo, akaamini zote ni tasa. Euler, mwanahisabati mwingine, akaja 1732: 641 mara 6,700,417. Yaani umeacha 619, ilibaki 631 tu ufike! Tena hukuhitaji kuhangaika hivyo, kigawanyo tasa cha hiyo namba ukikitoa 1 lazima kigawanyike kwa 64, ungejaribu 193, 257, 449, 577, ya tano ndo yenyewe.

Mtoto wa Rau: Nimebonyeza. Imetoka kavu. Lakini mzee alijua jibu tangu mwanzo, huo si ushindani ni wizi, na mimi nishamwambia Jumamosi aje na kamba, sirudi nyuma.

Baba Mangi: Mbuzi wa shemeji unamgawa kama karanga? Umelaaniwa.

Kibo Jr: Wakuu mnanyweshwa chai. ID ya leo, mzee hana jina, na mtu anachoka hatua mbili tu kabla ya jibu? Weka picha ya mbuzi.

Mtoto wa Rau: Huyo hapo, sikio la kushoto lilitafunwa na mbwa. Mna swali lingine?

Fundi wa Himo: Mkuu huyo ni jike. Na ana mimba.

Mtoto wa Rau: Mimi niliambiwa beberu.