Kaseti za marehemu baba na vitabu vyake, nihamishie kwenye simu nitupe au nibaki navyo?

mtoto_wa_kaseti: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Mzee alituachia kaseti kama 80 hivi na maboksi 3 ya vitabu. Kaseti nyingi ni mziki wa zamani alirekodi mwenyewe toka redioni, kuna moja katikati ya wimbo unamsikia anakohoa afu anamwambia mama apunguze moto jikoni. Sasa nahamia chumba kidogo na kila mtu ananiambia mziki upo wote mtandaoni, vitabu soma PDF, hayo mengine tupa. Moyo unagoma. Nyie mngefanyaje?

fundi_sauti: Pole sana mkuu. Usitupe, ila usizipige piga hovyo pia, ule mkanda ni plastiki imepakwa unga wa sumaku na kila ukipita kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, unachakaa kidogo, joto na unyevu ndo vinamalizia. Anza na hiyo ya mzee kukohoa maana hiyo haipo popote mtandaoni. Safisha hedi kwa pamba na spiriti, zungusha kaseti kwa penseli mkanda ukae sawa, chomeka waya toka tundu la hedfoni mpaka kwenye kompyuta, rekodi na programu ya Audacity, ni ya bure. Sevu kama faili la WAV au FLAC, hizo zinatunza sauti yote, sio MP3, MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo na kilichotupwa hakirudi tena. Kaseti ya dakika 90 utakaa nayo dakika 90, hamna njia ya mkato, na kwa WAV inakula karibu GB 1.

msoma_usiku: Kwenye vitabu mi nasoma sana kwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, macho yangu mabovu nakuza herufi nasoma raha mustarehe. Lakini jamani kitabu cha hivyo mara nyingi unanunua ruhusa tu ya kusoma. 2009 Amazon walifuta vitabu vya George Orwell kwenye Kindle za watu waliokwisha lipia, na 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu vikapotea vyote, pesa walirudisha sawa ila kitabu huna. Fungua kimoja kimoja, chenye mwandiko wa mzee pembeni baki nacho, vingine gawa kwa wanaosoma.

dada_mkubwa: Naongezea hapo, mi nilihamisha kanda za harusi ya wazazi kwenye hadi diski moja nikatupa kanda, mwaka uliofuata diski ikaanza kulia tik tik ikafa. Mpaka leo inaniuma. Weka kopi sehemu mbili tofauti na kaseti zenyewe ubaki nazo, 80 zinaingia chini ya kitanda.

mtoto_wa_kaseti: Asanteni sana wakuu. Jana usiku nimeanza na ile ile, upande B. Kumbe baada ya kukohoa anaendelea kuimba kidogo, sikuwahi kufika hapo. Nimeshaituma kwa mama.